Mbuzi Sita kwa Swaumu

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baridi. Upepo wa hapa Mkonze unatia vumbi mpaka ndani ya chai. Daftari hili aliliacha mjukuu wangu. Kurasa tatu za mwanzo ni hesabu, zote kakosa. Damu yangu.

Habari kubwa: shirika la misaada linakuja mtaani kwetu. Kaya zisizo na kitu zitapewa unga, mafuta, mablanketi na godoro. Godoro! Langu lina bonde katikati, naamka nimekunjwa kama barua.

Batholomeo, hasimu wangu wa bao, yumo kwenye kamati ya mtaa. Kaniambia nisijisumbue, mtu mwenye redio na mbuzi sita hawezi kuitwa fukara. Nikamjibu kwamba kuna ufukara wa moyo. Akanila kete nane huku naongea.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata dawa. Mtu asiye na mbuzi ni mtu asiye na mbuzi.

Alfajiri niliwaswaga wote sita, beberu akiwa mbele, mpaka uani kwa Swaumu. Ni jirani yangu, mjane, analea wajukuu watatu kwa kushona viraka vya nguo za watu. Macho yake mabovu. Uzi wa sindano namtungia mimi, kwa miwani yangu.

Nikamwomba akiulizwa aseme mbuzi ni wake. Akasema hapendi uongo. Nikamweleza kuwa huu si uongo, ni kutunza amana ya jirani. Akafikiri, akasema sawa, ila maziwa ni ya wajukuu. Mwanamke mgumu huyu.

Redio nimeifukia kwenye gunia la pumba. Mimi kichwa!

Jumatano, 10 Julai

Kaja binti wa shirika, Bupe, na kishikwambi chake. Shikamoo yake safi, mpaka goti linagusa chini. Nikaitikia kwa sauti ya mtu aliyelala na njaa.

Akauliza mbona zizi lina samadi mbichi. Nikasema mbuzi walikufa, samadi nimeiacha iwe ukumbusho. Akaandika! Kisha redio, ambayo betri zake hufa na kufufuka zinavyotaka, ikaanza kusoma taarifa ya habari ndani ya pumba. Nikashikwa na kikohozi. Nilikohoa mpaka michezo ikaisha.

Bupe kanipa pole na kuniandikia kifua kibovu. Hicho hata sikukiomba.

Alhamisi, 11 Julai

Ajabu. Dukani watu wananipa mkono. Wanasema hongera mzee, upweke si kitu kizuri. Sikuelewa mpaka Batholomeo aliponiuliza ndoa lini.

Kumbe mtaa mzima umeona mbuzi sita wakihamia kwa mjane alfajiri, na ukahitimisha kwamba mimi, Mzee Shaibu, nimetoa mahari!

Nilitaka kukana. Lakini nikikana nitaulizwa mbuzi wanafanya nini kule. Nikatabasamu tu kama bwana harusi. Batholomeo akasema kwa umri wangu ningeoa blanketi. Wivu huo.

Ijumaa, 12 Julai

Majina yamebandikwa ukutani ofisi ya mtaa. Mimi wa tatu! Nilisoma mara mbili, kwa miwani na bila miwani.

Nikatafuta jina la Swaumu nikamwambie hongera. Juu hakuna. Chini hakuna. Nikamuuliza Batholomeo. Akasema kamati imemwondoa: Bupe kakuta mbuzi sita, Swaumu mwenyewe kasema ni wake, na kamati nzima inajua ni mahari. Mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, hawezi kunyang'anywa. Basi ana mali.

Kwa hiyo alitunza amana. Angeweza kunitaja kwa neno moja tu.

Nikaenda kumtungia uzi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mjukuu wake mdogo, Lulu, akamuuliza blanketi zinakuja lini. Swaumu akamwambia, "Muulize babu yako Shaibu, ndiye anayejua mambo ya shirika."

Chai yake sikuimaliza. Haikuwa na ubaya wowote, chai.

Kesho ni mkutano. Majina yatasomwa, mwenye pingamizi atanyoosha mkono. Godoro ni jipya, bado liko kwenye nailoni. Nimeliona.

Jumamosi, 13 Julai

Wamesoma majina. La kwangu likapita, hakuna aliyepinga. Wakasoma walioondolewa. La Swaumu. Akavuta khanga yake begani.

Mkono wangu ukanyooka. Nasema mkono, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa bado nawaza godoro.

Nikasema, "Wale mbuzi ni wangu. Nimewaficha kwake. Mahari hakuna."

Batholomeo akasimama. "Ndugu zangu, mtu huyu namjua miaka arobaini. Hajawahi kusema kweli. Kwa nini aanze leo?"

Watu wakapiga makofi! Bupe akauliza kama nina ushahidi. Nimesema uongo maisha yangu yote bila kuombwa ushahidi hata siku moja.

Basi nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi. Beberu akatokea nyuma ya ofisi, wenzake watano nyuma yake, mmoja na karatasi ya tangazo mdomoni. Wakaja kunizunguka miguuni. Batholomeo akakaa.

Nikafutwa. Swaumu akaandikwa. Watu wakamtania, bibi harusi kakimbiwa. Akawajibu bila kugeuka, "Kwa mbuzi sita? Mimi? Hata nisingewafungulia mlango."

Imeniuma kidogo.

Jumatano, 17 Julai

Misaada imegawiwa. Lulu kapita anaburuta blanketi kama bibi harusi wa kweli. Jioni Swaumu kaniletea ugali wa unga ule ule wa shirika, na mlenda juu. Nikala nikalamba vidole. Maana yake msaada nimepata, na Batholomeo hakupata hata punje! Nimelala bondeni kwangu nimeshiba.

Tena nimesikia jambo. Wiki ijayo shirika jingine, la macho, linapima watu pale Zuzu, kata ya jirani. Wazee wasioona vizuri na wasio na miwani watapewa miwani mipya bure, na kifuko chake. Wanaanza na kaya zenye shida, Swaumu naye kaitwa.

Lazima niende bila miwani. Nimeshaificha mahali pa salama: nimempa Swaumu. Kaijaribu, kasema kumbe bati langu lina kutu. Nimemwambia siku hiyo aivae kabisa, asije mtu akashtuka.