Matairi Manne ya Theluji

Alhamisi, 27 Agosti 2009
Hapa Ujerumani serikali inataka kuokoa viwanda vya magari. Peleka gari kuukuu likavunjwe, nunua jipya, upewe euro elfu mbili na mia tano. Letu lina miaka kumi na minane. Mlango wa upande wa mke wangu, Edeltraud, haufunguki kwa ndani. Kila tukifika mahali anakaa kama kifurushi mpaka nizunguke kumfungulia. Amesema Alhamisi ijayo anakwenda Bremen kwa dada yake, na si kwa gari hilo. Hataki hadithi.
Sawa. Lakini muuza magari, Brinkhoff, lazima aongeze matairi manne ya theluji. Bure! Dawa yake: ajue sina shida.

Ijumaa, 28 Agosti
Brinkhoff kakataa. Nikamwambia gari langu bado zima kabisa. Akachungulia dirishani, akauliza kama ni lile lililoota kuvu. Aibu! Akasema nisaini leo leo, fungu la serikali linakwisha. Ujanja wa wauzaji, naujua.

Jumamosi, 29 Agosti
Nimeosha gari tangu asubuhi. Nta mara mbili. Jirani yetu Kesselring akachungulia juu ya ua, akauliza tangu lini ng'ombe anapelekwa saluni kabla ya machinjioni. Mjinga. Yeye alisaini jana. Sasa kila saa anasoma kwenye kompyuta nafasi zilizobaki za fungu la serikali, halafu ananitangazia kama mpira wa redioni.

Jumapili, 30 Agosti
Jumapili ni marufuku kuosha gari, majirani watashtaki. Nimejifungia kwenye gereji ya nyumbani, nasugua rimu kwa mswaki, kimya kimya. Kesselring akagonga, akauliza kama nasali humo.
Edeltraud naye akauliza: maadamu nimo humo, si nimtengenezee mlango wake? Nikamwambia, nani anatengeneza mlango wa gari linalokwenda kuvunjwa? Akanitazama sana.

Jumatatu, 31 Agosti
Tumelipeleka. Linang'aa! Brinkhoff kalizunguka, kakuna kichwa, kakubali matairi mawili. Mawili! Nikamuuliza kama anaona pikipiki hapa. Nimekataa. Kesho kutwa atalainika mwenyewe.
Edeltraud alibaki garini dakika arobaini. Nilisahau kumfungulia.

Jumatano, 2 Septemba
Brinkhoff kapiga simu mwenyewe! Kasema haya bwana, chukua matairi yote manne. Nikaruka jikoni. Ndipo akaongeza kwamba fungu la serikali limekwisha leo, kwa hiyo gari nitalilipia bei kamili.
Nimekaa chini. Edeltraud kaenda moja kwa moja kwa Kesselring kuomba lifti ya Bremen. Hilo ndilo limeniuma.

Alhamisi, 3 Septemba
Kesselring kampeleka Edeltraud Bremen kwa gari lake jipya. Kabla hawajaondoka nilizunguka mbio kumfungulia, mazoea tu, eti ashuke niagane naye. Akanizuia kwa mkono. Akafungua mwenyewe, kwa ndani. Akafunga. Akafungua tena. Alivyocheka! Sijamwona hivyo tangu harusi yetu. Nimeona wivu, nakiri.
Lakini nimechunguza: Kesselring hakupewa hata tairi moja la theluji. Ha!
Kwa muuza mikate wanasema serikali sasa huenda ikalipia majokofu ya zamani. Letu ni la mwaka 1984. Nimeshaanza kulipaka nta. Mlango wake unakwama, Edeltraud analalamika kila siku. Lakini nani anatengeneza mlango wa jokofu linalokwenda kuvunjwa?