Behewa la Kimya la Karurumo

Gazeti hufika Karurumo na basi la saa tano, na likishafika halisomwi, linahutubiwa. Siku hiyo Kaberia alilikunjua mbele ya kibanda cha chai cha Jedidah, akasafisha koo na kupandisha miwani. Kaberia ni mwalimu wa kutoka upande wa Meru, na kwa vile husoma kila kitu mpaka matangazo ya vifo bila kuruka mjukuu hata mmoja, pale kijiweni anaitwa Hansard, kama ile kumbukumbu ya bunge isiyoacha neno.

"Huko Uingereza," akasoma, "treni zimetengewa behewa ambalo abiria haruhusiwi kuongea kwa sauti, wala kupiga simu, wala kufungulia muziki. Linaitwa behewa la kimya."

Benchi zima likalionja kwanza hilo behewa.

"Kwani wamefiwa?" akauliza Kivuti.

"Hawajafiwa. Wanataka amani."

"Sasa mtu anatoka nyumbani mpaka kazini hajajua aliyekaa naye ni wa ukoo gani? Akizimia hapo, atapelekwa kwa nani?" Kivuti akatema pembeni majani ya muguka aliyokuwa akitafuna. Huyu ni mtu wa mbuzi, wa kule chini kwenye joto la Mbeere, na hakuna kosa duniani ambalo hajalitolea hukumu ya faini ya mbuzi. Ndiyo maana wakamwita Mbuzi Tatu.

"Mimi wakinifungia humo nitashuka maiti," akasema Gachoki. "Stesheni ya kwanza nashikwa na homa. Ya pili nalala kabisa." Hakuna aliyebisha. Gachoki anatengeneza baiskeli hapo kando, na jina lake ni Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia.

"Wewe wangekutengea treni yako peke yako," akasema Jedidah, "iende na isirudi."

Wakacheka. Jedidah naye ni Spika. Pale kwake huongei bila ruhusa, na ukikosa adabu unanyimwa sukari. Alikuwa ameinama na birika, sikio kwenye kikombe, akipima chai kwa mlio. Amezoea hivyo tangu macho yaanze kuingia ukungu. Sauti ikipanda anajua kikombe kinajaa. Lakini siku hiyo watu walikuwa wanacheka, mlio ukampotea, chai ikafika gotini kwa Redio.

"Woi, Spika. Sasa umeanza kunipika."

"Si useme kikombe kimejaa?"

"Nilikuwa naongea."

"Lini hauongei?"

Redio akapangusa suruali, lakini uso ukabadilika. "Sasa tuache mchezo. Si ulisema daktari anakungoja Nairobi wiki hii? Si alikwambia jicho moja ndilo hilo limeshaenda, na ukichelewa la pili linalifuata? Unangoja nini hapa, tupigwe chai sisi wote?"

Jedidah akaweka birika chini polepole. Alijua wataifikia tu hiyo habari, maana benchi la Karurumo halina mlango. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Binti yake Regina anakaa Githurai na amejifungua juzijuzi, hawezi kutoka nje. Hospitali ya macho iko mjini. Mtu wa kumfikisha ni mmoja tu, Oscar, mume wa Regina, ambaye huenda kazini na treni ya asubuhi. Mara mbili wamemtumia ujumbe na kondakta wa basi, na mara mbili Jedidah amejibu kwamba ana mafua.

"Siwezi kuingia kwa treni na mkwe wangu," akasema. "Mnajua vile hiyo treni hujaa? Regina aliniambia mtu anaweza kuingia na vifungo vyote na atoke na vya mwenzake. Sasa mimi nisukumwe hapo, nibandikwe kwa Oscar kama stempu?"

Hapo hata Hansard alikunja gazeti. Mama na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja, hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawaangaliani usoni. Si chuki, ni heshima, na huku wazee bado wanaishika.

"Sheria iko wazi," akasema Mbuzi Tatu, akinyoosha kidole kimoja baada ya kingine. "Kumgusa, mbuzi. Kukaa kiti kimoja, mbuzi. Kula kutoka kwa mkono wake, mbuzi."

"Wewe hii sheria umeitoa wapi?" Hansard akamuuliza.

"Kwetu."

"Kwenu ni zizini."

"Na ndiyo maana naijua."

"Ngoja sasa waweke behewa la wakwe," akasema Redio. "Mama wakwe mbele, wakwe nyuma, na katikati behewa la mbuzi, ndio mtu akikosea analipa hapo hapo bila kusumbua wazee."

Jedidah alicheka mpaka akashika kiuno, na alipokuwa bado anacheka akaona kivuli cha mtu kimesimama mbele ya kibanda. Koti la rangi ya udongo, kofia mkononi. Zaidi ya hapo ilikuwa ni moshi mtupu. Kile kivuli kikainama kidogo, kikafungua mdomo.

"Karibu, karibu," Jedidah akamwahi. "Hapa ukianza kusalimia mmoja mmoja utamaliza jioni. Kaa hapo mwisho, chai inakuja."

Mtu akasita, akakaa. Alikaa nusu tako, kama mtu aliyeitwa na chifu.

"Mgeni mwenye adabu," akasema Jedidah. "Redio, ona mtu anavyokaa bila kelele. Jifunze."

Redio hakujibu. Jedidah alidhani anatafuta maneno.

"Mimi naona tatizo lako ni woga tu," akasema Hansard. "Hujawahi hata kupanda treni. Tufanye mazoezi. Hili benchi ndilo behewa. Kivuti ni gadi. Mimi ni watu wa Githurai."

"Wote?"

"Wote. Nina mwili wa kutosha."

"Na mkwe?"

"Redio atakuwa mkwe."

Lakini Redio alikuwa ameinamia baiskeli ya mtu, akikaza mnyororo kwa bidii ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na akatikisa kichwa.

"Basi huyu mgeni," akaamua Jedidah. "Samahani baba, sijui hata umetoka wapi, lakini leo wewe ni mkwe wangu. Utanisaidia dakika moja tu."

Mgeni akatoa sauti kooni, kitu kama kukohoa.

Jedidah akajifunga leso vizuri na kukaa benchini, akiacha nafasi ya heshima katikati. Mbuzi Tatu akapuliza filimbi kwa vidole. Hansard akaja na Githurai yake yote. Alikaa upande wa pili wa Jedidah, akasukuma mpaka lile pengo likaisha, na Jedidah akajikuta bega kwa bega na paja kwa paja na yule mgeni, ambaye alikuwa ameshikilia mwisho wa benchi kana kwamba nje kuna mto.

"Aii, huyu amekauka kama nguzo," Jedidah akasema akicheka. "Baba, pumua. Oscar mwenyewe hawezi kuogopa hivi."

"Sasa ongea naye," akaamuru gadi. "Treni imeondoka."

"Niongee nini? Mimi na Oscar hatujawahi kuongea. Nikuambie ukweli, hata sura yake siijui. Siku ya mahari niliangalia viatu vyake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Vilikuwa vyeusi, cha kushoto kimeinuka mbele kama mdomo wa bata. Nikajiambia, huyu anayemchukua mtoto wangu hana hata pesa ya kiatu. Nikamwonea Regina huruma."

Mbuzi Tatu na Hansard wakaangua kicheko. Mgeni akavuta mguu wa kushoto chini ya benchi.

"Halafu?" akauliza Hansard.

"Halafu nikaja kujua alikuwa amenunua viatu vipya, akampa baba yake avae, mzee alikuwa na aibu ya kuja na sandali za tairi. Regina aliniambia baadaye. Nikajuta. Lakini utamwambiaje mkwe? Utaanzia wapi?" Akachukua andazi kutoka kwenye sinia, akalikata katikati. "Shika, mkwe wa mazoezi. Umevumilia. Kula."

Mkono wa mgeni ulikuja polepole sana. Akala. Alikuwa anatafuna kama anayeapishwa.

"Na jambo linaloniogopesha hata kuliko hiyo treni," Jedidah akaendelea, sauti ikashuka, "ni lile la kutolewa bandeji. Siku hiyo nani atakuwa amesimama mbele yangu? Yeye. Mtu akifunguliwa macho, kitu cha kwanza ni kuangalia. Sasa mimi niangalie wapi? Niambieni. Ndio maana nasema nina mafua. Wacha nibaki na mlio wa kikombe."

Hakuna aliyecheka. Hansard akajisogeza pembeni ili pengo lirudi. Ukimya ule ukamshtua Jedidah, maana ulikuwa na shimo mahali fulani. Akageuza kichwa upande wa baiskeli.

"Redio. Tangu huyu mgeni aje hujasema neno. Una nini?"

"Niko ndani ya lile behewa, Spika."

"Lipi?"

"La Uingereza." Redio akaachia baiskeli. "Siku ya mahari mimi ndiye nilimtengea huyu kiti. Sasa hivi nilijaribu kukukonyeza."

"Unamkonyeza mtu asiyeona?"

Benchi likatikisika kidogo. Mgeni alikuwa amesimama, kofia kifuani, uso ameugeuzia barabarani.

"Mama," akasema. "Ni Oscar. Nilitaka kusema nilipofika, lakini ulisema nikae. Halafu ukasema niwe mkwe. Sikuona vile ningekukatalia."

Jedidah hakuinuka. Aliketi vilevile, mikono juu ya leso, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Alitamani kibanda kimwangukie, na zaidi ya yote kimwangukie Hansard. Nusu ya andazi ilikuwa bado mkononi.

"Umekuja kufanya nini huku?" akauliza, akiuambia mchanga.

"Kukuchukua. Regina alisema mafua ya mara mbili mfululizo yanahitaji mtu wa kuyaona. Daktari ni kesho."

Mbuzi Tatu alivumilia kadiri alivyoweza, halafu akanyoosha vidole vyake. "Amegusa. Amekaa. Amelishwa. Mniwie radhi, lakini sheria haina macho."

"Mbuzi tatu," akanong'ona Hansard kwa heshima, kama anayesikia mtu akiitwa kwa jina lake la ubatizo.

Jedidah akasikiliza birika likianza kulia jikoni. Kisha akaanza kucheka. Ilianza tumboni, chini kabisa, na alipomaliza alikuwa anafuta machozi kwa pindo la leso.

"Sasa kumebaki nini cha kuogopa?" akasema. "Nimebandikwa kwake, nimemlisha, na viatu vyake nimevisema. Hiyo treni itanifanyia nini tena?" Akainuka, akavua aprona, akamtupia Redio. "Shika kibanda. Na uongee, usiniharibie biashara."

"Na mbuzi?" akauliza Mbuzi Tatu.

"Utalipwa nikirudi. Nataka kuwachagua mwenyewe, nikiwa naona yupi amekonda."

Akaingia ndani, akatoka na kikapu na sweta ya Jumapili. Oscar akatangulia mbele kuelekea stendi, hatua zake fupi, akimwachia nafasi ya heshima nyuma. Jedidah akamfuata kwa mlio wa viatu vyake. Hapo kwenye mtaro akasimama.

"Oscar."

"Mama." Alisimama, hakugeuka.

"Hiyo treni yenu ya Githurai, nayo wameiwekea behewa la kimya?"

"Hapana, Mama. Ni kelele tupu. Wahubiri, wauza karanga, watoto. Hata ukipiga kelele, uliye naye hakusikii vizuri."

"Hiyo ni nzuri," akasema Jedidah, na akaanza kutembea tena. "Kuna neno kuhusu kiatu nataka kukuambia."