Mheshimiwa Shiundu Azindua Bwawa la Bata Wahamiaji, Mowlem

Waheshimiwa mlio kwenye viti vyenye vitambaa, na wananchi mlio kwenye vile vya plastiki. Wazee wa mtaa, akina mama wa makanisa, mashehe wetu. Madiwani wa sasa, wa zamani, na wale watarajiwa ambao nawaona na ninawajua. Ndugu zangu wa Gikomba mliofunga vibanda, na nyinyi wa Ziwani mliokuja mkidhani kuna chakula. Na kikundi chetu cha Watazama Ndege wa Mowlem kikiongozwa na dada yetu Teresiah, ambao nawaomba washushe darubini zao maana mimi si ndege: hamjambo! (Hatujambo.) Itifaki yote, hata ile nisiyoijua, ihesabiwe kuwa imezingatiwa. (Makofi, mstari wa mbele tu.)

Niruhusuni nianze kwa kujipongeza, kwa sababu nikingoja kupongezwa na wengine jua litatua. Mimi, nikiwa Mwenyekiti wa Kamati Maalum ya Uratibu, Uimarishaji na Uendelezaji wa Ndege wa Majini, ndiye niliyeng'amua, kwa vision, kwamba kila mwaka baridi inapobana huko Ulaya, bata hufunga safari, wakapita Misri, wakapita Sudan, wakaja kushukia hapa mtaani kwetu Mowlem, Nairobi. Hawaombi viza. Hawana wakala. Jambo hili, kama si uongozi bora, ni nini? (Sauti: "Ni maji, Mhesh!") Asante, hayo maji nitayafikia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji ni mimi.

Ndiyo sababu tukabuni flagship project tunayozindua leo, yaani Bwawa la Kimataifa la Bata Wahamiaji, lenye mnara wa kutazamia, mkahawa, na choo cha waheshimiwa. Public participation, yaani kuwashirikisha wananchi, tulifanya, mimi na katibu wangu. Tukaenda benchmarking Mombasa, kujifunza kwa wenzetu, tukakaa juma zima kando ya bwawa la hoteli, hatukuona bata hata mmoja, na ripoti yetu ikatamka wazi kwamba pengo hilo ndilo Mowlem itakaloliziba. Tangu niingie ofisini bata wameongezeka kwa asilimia mia moja na nne, kiwango ambacho wataalamu wenyewe wamekiri kwamba hawajawahi kukiona. (Kicheko. Mheshimiwa anainama kukishukuru.)

Najua wapo stakeholders wanaonung'unika, wakiwemo dada Teresiah na Bwana Mumin, eti kwa nini kale kadimbwi ka machimbo kalikokuwa hapa, ambako walizoea kuja kila msimu kuwatambua bata wao mmoja mmoja, kamefukiwa. Nawajibu kwa heshima. Bwawa la kimataifa haliwezi kuzinduliwa kwenye matope! Wageni wana viatu! Ilibidi tupate mahali pa kusimamisha hema, na katika mtaa wote huu, mahali pekee pasipo na nyumba palikuwa ni hapo penye maji. (Teresiah anasimama: "Na bata wakija wiki hii watashukia wapi?") Keti, dada yangu. Watafuata roadmap.

(Kelele za mabawa. Watu wanainua vichwa.) Lo! Wamekuja! Wapiga picha, juu huko, halafu mimi, halafu juu tena! Mnaona wanavyolizunguka hema? Hilo ni gwaride la heshima. Wale wenye mdomo mpana kama mwiko ni... ni... (Mumin, darubini machoni: "Ndio wale wa mwaka jana. Na yule mdogo mwenye mstari mweupe juu ya jicho ni aina nyingine kabisa.") Ni wajumbe! Wanazunguka tena! Wanashuka kuniona... Mbona wamepanda? (Teresiah: "Hawakusalimii, Mheshimiwa. Wanatafuta maji yao, na wewe umesimama juu yake." Mama mmoja: "Woi, maskini, na vile wametoka mbali.")

Waacheni waende. Hao ni bata wa upinzani. (Wananchi wanatoka hemani wakiwatazama. Viti vinaanguka.) Rudini, sijamaliza! Semeni nami: bata juu! (Wananchi wanaendelea kutazama angani.) Bata juu zaidi! (Sauti: "Si wako juu tayari, buda! Wewe ndio umewanyima pa kuland!")

Kwa hayo machache, nawashukuru wenye hema, na wenye vipaza sauti. Shukrani za pekee zimwendee fundi wa rangi kutoka Gikomba aliyelichora bwawa letu kwenye bango hili nyuma yangu, kwa kuwa hadi leo hiyo ndiyo kazi yote ya mradi iliyofanyika, na naomba msiliegemee, rangi haijakauka. Mungu awabariki... Dada Teresiah, hayo majembe mmeyatoa wapi? Mumin, usichimbe hapo, hapo pana kigingi cha hema! Nani kawapa kibali? Jamani, jukwaa linainama! (Jukwaa linainama. Maji yanaanza kuchungulia. Wananchi wanashangilia kwa mara ya kwanza.) Wapiga picha, njooni upesi! Awamu ya kwanza imeanza, na mnisogezee jembe nionekane nimelishika!