Majoho ya Zambarau

Jumatatu, 3 Machi
Majoho ya kwaya yamekwisha! Niliwaambia kila moja linakula mita nne. Linakula tatu. Kwa ziada nimejishonea shati, binti yangu gauni. Mke wangu kauliza kitambaa kimetoka wapi. Zawadi, nikasema. Akaguna. Mwalimu wa kwaya ndiye mkuu wa shule; akiridhika, sare za shule nzima nashona mimi. Shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa kibanda cha pili, anazimezea mate. Na ameze.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mchungaji kanipa somo la kusoma kanisani Jumapili: Gehazi, mtumishi wa Elisha. Alimkimbilia Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, akapata fedha na nguo kwa uongo, akazificha nyumbani. Ukoma ukamshika yeye na uzao wake milele. Milele! Kwa nguo! Nimeomba asome mwingine, nikasema koo linauma. Mchungaji akasema asubuhi amelisikia koo hilo likigombana na muuza vifungo.

Ijumaa, 7 Machi
Shingo inawasha. Vipele! Binti naye anajikuna mgongo. Uzao! Nimejifungia na kioo, nikajikagua mwili mzima. Mke wangu akasema kitambaa kipya hufuliwa kwanza, hata mtoto anajua. Akafua. Shati sasa linaishia kitovuni.
Ndipo nikakumbuka majoho. Niliyakata bila kufua.

Jumamosi, 8 Machi
Kina mama wa kwaya wameyafua majoho. Yamepanda hadi magotini! Mwalimu wa kwaya kaja nayo, mpole kabisa. Alisema wamepima, kila joho limekula mita tatu tu, lakini hana wasiwasi: fundi aliona mbali kuagiza ziada, sasa aongeze mapindo. Nikasema ziada anayo shemeji. Shemeji akaitwa, akaja mbio, akaapa hajui kitu. Nikamsikitikia mbele za watu. Hapo binti akaingia amevaa gauni lake la zambarau, shati langu mkononi: baba, vaa tufanane.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma. Nilimtazama binti kwenye "uzao". Kwaya nzima imenikazia macho, magoti nje. Sare kapewa shemeji. Watoto wenzake wanamwita binti yangu Joho. Mke wangu anasema hata siku ya kuposwa wataulizana, ni yule Joho? Imeniuma. Kweli imeniuma.

Jumanne, 11 Machi
Mteja! Suti ya harusi. Nimejifunza: zambarau ina mdomo. Kitambaa chake ni kijivu, na kijivu kila mtu anacho. Nimemwambia aongeze mita mbili. Binti atapata sketi nzuri.
Na safari hii nitafua kwanza.