Likiteremka Halitoi Moshi

Jumatatu, 13 Mei

Kibao kimesimikwa. Kiko mwisho wa mtaa wetu, mbele ya duka la mikate. Magari ya dizeli ya rika la langu marufuku kuingia. Nyumba yetu imo ndani ya mpaka. Kwa hiyo gari langu, kuanzia leo, haliruhusiwi kurudi kwao.

Niandike ukweli, wajukuu waje wausome. Mimi sikumdanganya mtu. Waliodanganya ni waliolitengeneza. Waliliwekea kompyuta ya hila: likipimwa linajifanya limeokoka, likitoka barabarani linatema moshi kama jiko la kuni mbichi. Mimi nililinunua kwa sababu waliniambia ni safi. Maisha yangu yote ya kazi nilikagua gasketi kiwandani, na mbovu haikupita mikononi mwangu. Nilidhani wenzangu nao wanakagua hivyo. Imeniuma, na bado inaniuma. Wao wameomba radhi kwenye televisheni. Mimi nimewekewa kibao.

Nimelihamishia gari juu mlimani, kwenye kishamba chetu cha mizabibu, nje ya mpaka.

Tatizo ni Annelie, binti yangu. Anaolewa Jumamosi ya tarehe 25, na nimeshaahidi kumpeleka kanisani kwa gari lile lile. Ndilo alilojifunzia kuendesha. Ubavuni limebonyea, ni yeye, aligonga nguzo ya geti la shamba. Sijalinyoosha makusudi. Nimempigia simu kumhakikishia. Amesema, "Baba, mimi nataka kwenda na wewe. Gari lolote tu." Moyo wangu umetulia. Analitaka lile lile.

Jirani wa chini, Bwana Rapp, mwalimu mstaafu, ana gari la umeme. Jeupe. Amenivizia kwenye ngazi za jengo akasema, "Jirani, siku ya harusi chukueni langu. Halina kelele." Nilimwambia asante. Niliitamka kwa namna ambayo mwenye akili angeelewa. Akatabasamu.

Jumatano, 15 Mei

Wiki hii zamu ya kufagia ni ya Rapp. Kibao cha mbao cha zamu, kinachohama mlango hadi mlango kila wiki, kinaning'inia kwake, kila mpita njia anaona. Amefagia ngazi, amefagia na njia ya miguu mbele ya nyumba. Lakini waya wake wa umeme unatoka dirisha la jikoni, unakatiza njia, mpaka kwenye gari. Chini ya waya hakufagia. Nilipiga magoti kuhakikisha. Mstari wa vumbi, na ganda moja la karanga.

Sikumwambia neno. Sisi ni majirani, hatuvunjiani heshima. Nimewaandikia manispaa.

Nimewaeleza kwamba wiki ijayo zamu ni yangu, na ufagio wangu utakwama pale pale kwenye waya. Nimewaomba watume mkaguzi Jumamosi ya zamu yangu, asubuhi, ajionee mwenyewe. Nimekwenda kuitia barua posta kwa miguu. Nilirudi najisikia kijana.

Mke wangu Irmtraud alikuwa anachemsha dengu. Nilipomsimulia aliacha kukoroga. Akasema, "Mkuki kwa nguruwe, mzee. Wewe mwenyewe umeficha gari shambani." Nikamjibu kwamba gari langu limetulia chini ya mtufaha na halijamzuia mtu kufagia. Dengu zilishika chini ya sufuria. Amesema kosa ni langu.

Jumamosi, 18 Mei

Nimeipata njia. Mafundi wanaruhusiwa kuingia na dizeli, wakiwa na kazi ndani ya mpaka. Basi nitakuwa fundi.

Nimefunga ngazi ya kuchumia cheri juu ya paa la gari. Nimeweka ndoo, spana, na suruali ya bluu ya kiwandani, ambayo bado inafungika nikivuta pumzi. Nimeteremka nikapita kibao mchana kweupe. Hakuna aliyenitazama. Nikaegesha mbele ya nyumba.

Aliyenitazama ni Rapp. "Kumbe jirani umeanza ufundi bomba! Bomba langu la jikoni linavuja wiki ya pili sasa."

Ningesema nini? Ningekataa, ningejifichua. Nikaingia. Bomba ni gasketi tu, nilijiambia, na gasketi nazijua kuliko jina langu. Niliitoa, nikaikagua. Ilikuwa mbovu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kiwandani maji hayakuwepo. Yalinipiga kifuani, yakajaza sakafu, yakapanda mpaka kwenye soketi ya ule waya wake. Nyumba nzima ikazimika, ya kwetu pia.

Rapp alifunga maji kule chini, akaniletea taulo. Akasema, "Hamna neno, jirani. Ajali kazini." Mtu akikutendea wema ukiwa umelowa, unamchukia zaidi. Hata hivyo usiku huu gari lake halitapata umeme. Sikukusudia, lakini siwezi kusema nimesikitika.

Ufundi nimeacha. Akiharibikiwa choo ataniita tena. Kulipandisha gari mlimani nilisubiri wakati wa kipindi cha mpira, watu wakiwa ndani.

Jumanne, 21 Mei

Wiki hii kibao cha mbao kinaning'inia kwangu. Nimefagia ngazi mara mbili, ili niwe mfano.

Nikiwa nafagia, akili ilinifunguka. Kinachopigwa marufuku ni nini? Moshi. Moshi unatoka wapi? Kwenye injini. Injini ikizimwa, gari la dizeli ni chuma na viti. Na mji huu umekaa kwenye shimo. Shamba liko juu ya nyumba, nyumba iko juu ya kanisa. Mungu mwenyewe ameupanga mteremko kutoka shambani kwangu mpaka altareni.

Alfajiri nilifanya jaribio. Nilikaa kwenye usukani, Irmtraud akasukuma. Nilimkaribisha ndani baada ya kusukuma, lakini tayari nilikuwa nimeshika kasi. Usukani ulikuwa mgumu, breki ngumu zaidi. Lakini hapakuwa na moshi wala kelele. Ndege walikuwa wanaimba. Nilijisikia mtu safi.

Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, taa ikawaka nyekundu. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na paka. Nilisimama.

Ilipokuwa ya kijani sikwenda popote, kwa sababu pale ni tambarare. Nyuma yangu lilijipanga gari la maziwa, basi, na hatimaye Rapp, anatoka kununua mikate. Alishuka akanisukuma bila kuuliza. Mkate wake wa chumvi alikuwa ameung'ata mdomoni, kwa hiyo hakuweza kusema kitu. Namshukuru kwa hilo tu.

Irmtraud alifika kwa miguu, amefura. "Ungepita tu! Nani angekuona?" Nilimtazama mwanamke huyu niliyeishi naye miaka yote hii. Nikamwambia taa nyekundu ni taa nyekundu. Mimi si mhuni.

Ijumaa, 24 Mei

Annelie amelala kwetu leo, chumba chake kile kile. Tumekula saladi ya viazi, nusu sufuria, nusu ni ya kesho. Alinikuta natia nta kwenye viatu vya harusi. Akasema, "Baba, Bwana Rapp ameniuliza kama aje na gari. Nimjibuje?"

Nilimwambia amjibu kwamba familia hii ina gari.

Alivuta kiti akakaa. Halafu akasema hajali gari, hata tramu itamfaa. Anachotaka ni tukae pamoja nyuma, yeye na mimi, njia nzima, kwa sababu anaogopa. Nikamuuliza, nikikaa nyuma, nani atashika usukani? Akanibusu kwenye kipara akaenda kulala. Nadhani amekubali.

Gari nililirudisha shambani Jumanne usiku, kwa injini, watu wakiwa wamelala. Nimefunga utepe mweupe kwenye antena. Ngazi ya cheri bado iko juu ya paa. Kamba zimekaza, nitaifungua kesho.

Jumamosi, 25 Mei, jioni

Alfajiri niliteremka. Peke yangu, injini imezimwa. Taa ilikuwa ya kijani. Nilipita kivuko kama mfalme, nikasimama mbele ya mlango wetu kwa breki ya mkono. Nani alisema haiwezekani?

Bado zamu ilikuwa yangu mpaka leo jioni. Siwezi kumwoza binti huku njia haijafagiwa. Nilivaa suti, nikachukua ufagio. Nilifika pale kwenye waya. Hapakuwa na waya. Rapp alikuwa ameuondoa, eti shela la bibi harusi lisije likanasa. Akafagia na chini yake. Nilichanganyikiwa, nikafagia palipofagiwa.

Asubuhi ilikuwa ya baridi. Viti vya gari ni vya ngozi, na Annelie ana gauni jepesi. Nikasema niwashe injini kidogo, viti vipate joto, basi. Ekzosi ilikuwa haijakohoa tangu Jumanne usiku. Ilikohoa yote. Mtaa ukapotea.

Kutoka kwenye moshi akatokea msichana wa manispaa, na koti la bluu na mkoba. Alikuwa na adabu sana. Aliuliza kama mimi ndiye Bwana Eugen Häfele aliyelalamikia waya. Nikasema ndimi, kwa fahari. Akaniambia malalamiko yangu yalikuwa na mpangilio mzuri kuliko yote waliyopata mwaka huu. Nilifurahi. Nakiri nilifurahi.

Akauliza waya uko wapi. Halafu akauliza gari hili ni la nani.

Nikamweleza kwamba ni la fundi. Akaitazama ngazi, akautazama utepe mweupe. "Fundi gani huyu, mzee wangu, anakwenda kazini na utepe wa harusi?" Nikamweleza basi kuhusu mteremko, kwamba moshi hakuna, gari linajiendea lenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Gari likitembea na mtu kashika usukani, huko ndiko kuendesha. Na sasa hivi linaunguruma, mzee. Ninalisikia." Nikazima. Akaandika faini. Akasema gari litaondoka hapo kwa kuvutwa, si vinginevyo.

Nilimwambia leo namwoza binti. Nilisema kwa sauti ambayo sikuitambua. Nilimwambia nilidanganywa, kwamba mimi nilinunua gari safi, kwamba nimemwahidi mtoto. Akasema ananielewa kabisa, na baba yake ana gari kama hili hili. Akanikabidhi faini.

Annelie alikuwa amesimama mlangoni na gauni lake. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Rapp alikuwa ameshafungua mlango wa lile jeupe, anatazama juu, anajifanya anahesabu mawingu. Nikamwambia Annelie atangulie na mama yake, mimi nitateremka kwa miguu. Nina kanuni zangu.

Akasema, "Baba, siendi bila wewe. Nikisimama hapa mpaka jioni, ni wewe utakayemweleza mchungaji."

Nikaingia. Irmtraud alikaa mbele na saladi ya viazi magotini. Mimi na Annelie nyuma. Gari liliondoka na sikujua kama limeondoka. Lilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia anavuta pumzi. Pumzi fupi fupi, kama alipokuwa mdogo akienda kwa daktari wa meno. Katika langu nisingeisikia. Nilimshika mkono, hakuuachia mpaka kanisani. Nililia kidogo, kwa sababu ya ile faini.

Nayaandika haya kwa ajili ya ukweli, si kwa kumsifu Rapp.

Jumanne, 28 Mei

Nimefikiri siku mbili. Hasira zimeisha, akili imerudi.

Watu wote wanaziuza dizeli zao kwa bei ya kutupa. Wameingiwa na woga. Mtu mwenye busara hununua wenzake wakikimbia. Kijiji cha pili, nje ya mpaka, kuna mzee anauza gari kama langu, mwaka ule ule, rangi ile ile. Nimeshalinunua. Nimeona niseme baada ya kununua, Irmtraud ana shinikizo la damu.

Si langu. Ni zawadi ya harusi ya Annelie. Nimelikumbuka jambo alilosema Ijumaa, kwamba anachotaka ni kukaa nami garini. Basi atakuwa na lake. Ubavuni halijabonyea, lakini nguzo ya geti la shamba bado ipo, nitaligongesha taratibu kabla sijamkabidhi.

Kwa sasa liko chini ya mtufaha pamoja na la kwanza, ambalo walilivuta mpaka huko. Annelie na mumewe wanakaa ndani ya mpaka, lakini hilo haliniumizi kichwa. Leo asubuhi nilikwenda na mpira wa kuchezea, nikauweka katikati ya barabara mbele ya mlango wao.

Uliviringika wenyewe mpaka stesheni ya tramu. Kurudi juu tutajua baadaye.