Mashitaka Dhidi ya Ndoto za Bosi

Dastan Salu,
Nyumba yenye kihenge kilichoinama,
Nje kidogo ya Bariadi.

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji,

YAH: MBWA WANGU BOSI NA NDOTO ZAKE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, tena sana.

Mwangaluka, Ndugu Mwenyekiti Marcelo. Mimi mzima, pamba imekubali, na mtama haujambo. Ila harusi ya binti yangu Joyness iko mashakani, na aliyeitia mashakani ni mbwa, tena akiwa amelala. Naomba usicheke mpaka ufike mwisho. Wewe ni mtu wa kucheka, nakujua, lakini ofisi yako ina mhuri.

Utauliza: mbwa ni wako, mbona usimwonye mwenyewe? Nimemwonya. Shida ni kwamba akiwa macho hana kosa lolote. Makosa yote anayafanyia usingizini, na huko mimi siwezi kumfuata. Ndiyo maana nimelileta jambo hili serikalini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mateke. Bosi anakula saa saba mchana, na saa saba na nusu amekwisha lala. Mwanzoni anatulia vizuri kabisa. Halafu masharubu yanaanza kucheza, mguu mmoja unarusha teke, mara yote minne inakimbia hewani huku anabweka mdomo ukiwa umefungwa. Jumatatu tulikuwa tumetandaza pamba kwenye turubai tunaichambua, naye akajilaza pembeni. Alipoanza safari yake, pamba safi yote aliipiga mateke ikaingia vumbini. Tuliichambua upya mpaka jua likazama. Yeye aliamka, akajinyoosha, akatutazama kama anayeuliza kwa nini hatujamaliza.

2. Uwindaji. Akiwa macho, Bosi ni mwoga hata aibu. Kicheche alibeba kifaranga mbele ya macho yake, naye akageuza uso, hakutaka kuwa shahidi. Jogoo wa Mama Nyanjige, jirani yangu, humnyang'anya ukoko. Kumbe ushujaa wote anautunza kwa ajili ya ndotoni! Ukizitazama mbio zile, anayekimbizwa si panya. Ni nyumbu yule, au pundamilia. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, hifadhi haiko mbali na sisi, na sheria unazijua. Bosi hana kibali cha kuwinda. Sitaki siku moja gari la askari wa wanyamapori lisimame mlangoni kwangu, niulizwe mbwa wangu alikuwa wapi saa nane mchana. Nitajibu nini?

3. Dini. Jumuiya iliposali kwangu, Mama Mektilda alikuwa anawaombea marehemu. Alipofika kwenye raha ya milele, Bosi akatoa mlio mrefu wa huzuni chini ya benchi. Nusu ya watu walifanya ishara ya msalaba, nusu wakautazama mlango. Tangu siku hiyo mzee Shida, jirani yangu wa pili, ananiandama, anasema wahenga wanaongea na mbwa huyu, nimuulize wanataka nini. Nimemuuliza. Anatikisa mkia tu.

4. Wakwe. Hapa ndipo penye kidonda.

Wewe unajua kwamba wakwe zangu wa Mwanhuzi walitakiwa kuja Jumamosi kuleta ng'ombe wa mahari ya Joyness. Mimi nilikuwa sijawaona kwa macho. Mambo yote alikuwa anayapeleka mshenga wetu, Salvatory. Wao wakaogopa mvua itajaza mto, wakaja Alhamisi bila kutuma neno. Wazee wanne wageni, fimbo mkononi, ng'ombe mbele, wanakuja kwangu saa nane mchana.

Bosi alikuwa chini ya kihenge, amelala fofofo. Akaanza kubweka kwa ndani, akanguruma, akaachia mlio ambao sijawahi kumsikia nao. Mbwa wa Mama Nyanjige akajibu, wa mzee Shida akajibu, mbwa wote wa kitongoji wakapokea. Mama Nyanjige akainua kichwa kutoka kwenye karanga zake. Akaona ng'ombe asiowajua na wanaume asiowajua, na mbwa wanalia. Angefanya nini? Akapiga mwano, ule ukelele wa kuita watu kwenye hatari. Na kwetu mwano ukipigwa, hakuna anayeuliza kuna nini. Unashika rungu, unatoka, maswali utayakuta mbele ya safari. Mwanaume anayebaki ndani ndiye anayeanza kushukiwa.

Hata kikombe cha uji kisingeisha, watu arobaini walikuwa wamewazunguka wale wazee. Wewe mwenyewe ulikuwepo, na filimbi yako. Wakaambiwa wavue kofia, wakae chini, waseme ng'ombe wamewaiba wapi. Na aliyewaambia, Ndugu Mwenyekiti, ulimsikia, ni mimi. Nilitokea mlango wa nyuma na rungu langu, nikazunguka mbio, nikafika wa nne, nikawakalisha wakwe zangu mavumbini mbele ya nyumba yangu mwenyewe. Nikamuuliza aliyekuwa mkubwa wao, mzee Sylvester, kama hana haya kwa umri ule. Ni Joyness, aliyekuwa amewatambua kutoka dirishani, aliyetoka na trei ya soda akapiga kelele kuwa ni wakwe.

Bosi hakuamka. Kelele zilipoisha aligeukia ubavu wa pili.

Wakwe waliondoka na ng'ombe wao, soda hazijaisha. Tangu siku hiyo Joyness ananiwekea ugali, anaenda kula wake jikoni. Naumia, sifichi.

Kwa hiyo naomba: Bosi aitwe mbele ya baraza, asomewe mashitaka akiwa macho. Aondolewe kijijini, apelekwe kwa binamu yangu Lamadi, akalale kando ya barabara kuu, kelele zake zishindane na za malori. Na ofisi yako iwaandikie wakwe kuomba radhi, ieleze kuwa aliyeota ni mbwa na waliokurupuka ni sisi.

Wasalimie mama watoto, kamanda wa sungusungu, na Mama Nyanjige ukipita kwake, mwambie sina kinyongo. Msalimie hata yule jogoo.

Ni mimi, raia wako ninayeukosa usingizi wa mchana,
Dastan Salu

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha, Salvatory akapiga simu. Wakwe wamecheka njia nzima mpaka Mwanhuzi! Mzee Sylvester amesema kijiji kinachotoka watu arobaini kwa mwano mmoja ndiko kwa kuoa. Jumamosi wanarudi na ng'ombe wote, harusi ipo palepale, na Joyness amenikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Salvatory amewasimulia habari za Bosi, na sasa wana sharti moja tu: Bosi afuatane na bibi harusi. Wezi wa ng'ombe wanawasumbua, na wanasema kama anawakamata wageni akiwa amelala, akiamka itakuwaje.

Binti nimemtoa kwa moyo mweupe. Lakini tangu marehemu mke wangu Apolonia atutoke, nyumba hii ina sauti mbili tu, ya Joyness na ya huyu anayeota. Zikiondoka zote siku moja, nitakaa na nani?

Kwa hiyo mashitaka yabaki kama yalivyo, usifute hata neno. Mshitakiwa haruhusiwi kutoka kijijini kesi ikiwa haijaisha; waandikie wakwe hivyo, kwa mhuri. Kisha uiahirishe, Ndugu Mwenyekiti. Ikifika siku yake, iahirishe tena. Ninyi maofisini mnajua namna.

Samahani kwa mwandiko wa hapa mwishoni. Bosi amelalia mguu wangu na umekufa ganzi, lakini siwezi kuutoa sasa hivi. Ameshaanza kukimbia.