Suti ya Mzee Wilf Yawekwa Karantini

Jumatatu, 2 Novemba 2020

Mwongozo mpya umeingia kabla sijamaliza chai. Wa Ijumaa sikuwa nimeusoma. Si neno, huu unaufuta ule. Wageni sasa wana ruhusa ya kukaa na wazee wao, kwa masharti: mlango wao wenyewe, kizuizi imara katikati, hewa ipite. Nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nimeelewa kidogo kuliko ya kwanza.

Ng'ambo ya barabara, Hilary Crump, meneja wa makao ya wazee ya Larkfield, ameshaleta kibanda cha vioo. Kina magurudumu. Kina hita! Nimekiona kwa darubini. Kwenye uzio wake limetundikwa bango: NZURI SANA. Ndivyo mamlaka ya ukaguzi ilivyomwandikia. Sisi wa Hollins Lodge, makao ninayoyasimamia mimi, Graham Pobjoy, tuliandikiwa INAHITAJI KUBORESHWA. Hatukutengeneza bango.

Ijumaa mkaguzi, Bi Keech, atatukagua kwa simu ya video. Mkurugenzi wa kampuni hakuzunguka mbuyu: mkaguzi asiporidhika, hakuna mgeni atakayekanyaga hapa hadi mwakani, na mimi nitafute kazi nyepesi.

Saa nne, kama kila siku, Mzee Wilf Vowles alisimama kwenye maua nje ya dirisha la sebule, kofia mkononi. Mke wake, Bi Enid, ndani, blanketi magotini. Ndivyo wanavyoonana tangu Machi. Wanapigiana kelele kupitia kioo, na mtaa mzima unajua habari za tumbo la Mzee Wilf. Jumamosi wanatimiza miaka sitini na mitano ya ndoa. Akaniuliza kama siku hiyo atakaa na mkewe kama binadamu au atasimama tena kwenye maua kama paka. Nikamwahidi atakaa. Niliahidi kwanza, nikafikiri baadaye. Huwa nafanya kazi vizuri zaidi hivyo.

Wazo! Banda la vioo la nyanya, nyuma ya bustani. Mlango linao. Hewa inapita, vioo viwili havipo. Nimemweleza naibu wangu, Denise Tapscott. Akauliza kama nyanya zimeshaambiwa.

Jumanne, 3 Novemba

Nyanya zimehama. Fundi wetu, Trevor Spurway, amezihamishia ofisini kwangu. Nanuka kachumbari.

Kizuizi nimepata! Keshokutwa baa zote zinafungwa kwa amri ya kukaa ndani, hivyo mwenye baa ya kona ameniazima kile cha plastiki alichokuwa akihudumia wateja nyuma yake. Kina tundu la kupitishia bia na maandishi makubwa: AGIZA HAPA. Denise anasema wazee wataagiza. Saa tisa ukaingia ufafanuzi wa mwongozo: kizuizi kisiwe na tundu. Nimeliziba kwa sinia la keki. Sasa ukikaa, mahali pa uso wa mwenzio unaona sinia. Nimekata miguu ya viti. Sasa mnaonana, ila hakuna anayeweza kuinuka.

Halafu pigo la kumaliza kabisa Larkfield. Mwongozo unasema vitu vinavyoletwa na wageni vitengwe kwanza. Mameneja wavivu wanafikiria maua na biskuti. Mimi nimefikiria nguo. Nimempigia Mzee Wilf alete suti ya Jumamosi leo hii, ikae karantini. Akasema suti yake haijawahi kukohoa. Nikasema sheria ni sheria. Akaileta. Ndiyo aliyooa nayo. Niliipokea kwa koleo la jikoni, nikaitundika stoo ya mashuka na kibandiko: USIGUSE.

Hilary hana suti hata moja karantini.

Jumatano, 4 Novemba

Balaa. Hilary yumo kwenye gazeti la mji! Kibanda, bibi mmoja, mjukuu, meno nje wote. Mkurugenzi amelisoma. Anataka picha ya banda letu likitumika, kabla ya saa kumi na moja. Nikamkumbusha hatuwezi kuingiza mgeni kabla ya Ijumaa. Akasema hilo ni juu yangu.

Picha ya mgeni bila mgeni. Meneja wa kawaida angekata tamaa.

Aprili tuliletewa shehena ya glavu zinazowatosha watoto wa chekechea. Maboksi yamejaa hadi bafuni. Ukizisindilia glavu ndani ya suruali unapata mapaja mazuri sana. Suruali yenyewe ilikuwepo, na koti lake, stoo ya mashuka. (Suti bado iko karantini. Ipo bandani, haikutani na mtu.) Kichwa: mto wa sofa. Barakoa. Kofia yangu ya mvua. Nikamkalisha, nikampachika mguu juu ya mguu. Mzee Wilf kabisa! Ila huyu mgongo umenyooka.

Nikapiga picha kwa mbali kidogo. Mkurugenzi akajibu: safi, na mgeni anaonekana ametulia. Nimemwacha palepale. Ijumaa ataonekana kwa mbali kwenye video, naye hataharibu kitu kwa kuongea.

Jioni, hitilafu ndogo. Dirisha la chumba cha Bi Enid linatazama bustani, na macho yake ya mbali hayana nguvu. Amemwona mumewe, amevaa suti ya harusi, amekaa kwenye banda la nyanya. Akapunga mkono. Hakujibiwa. Akapunga miwili. Kimya. Denise anasema amesukuma pudini pembeni na kutangaza: "Miaka sitini na mitano, leo ndiyo ananinunia! Basi na hiyo Jumamosi asije." Denise alitaka niende nikamwambie ukweli. Nilienda. Nikamwambia Mzee Wilf amechoka kidogo. Akaniuliza, amechoka kukaa?

Alhamisi, 5 Novemba

Bi Enid kafunga pazia la chumbani kwake na hataki kuja sebuleni. Mzee Wilf alisimama kwenye maua asubuhi nzima, akigonga kioo kwa kidole. Aliniuliza amekosa nini. Nikamwambia wanawake ndivyo walivyo. Denise alikuwa nyuma yangu. Hajanisemesha tangu hapo, na kazi zimekwenda vizuri ajabu.

Leo ni usiku wa moto na fataki, desturi ya Uingereza kila tarehe tano Novemba, na moto mkubwa wa mji umefutwa kwa sababu ya korona. Denise kapanga kamoto kadogo nyuma ya bustani, wazee watazame madirishani na soseji zao. Nimetafuta kwenye miongozo yote kifungu cha kumkatalia. Hakipo. Trevor alikuja kuuliza amtengeneze kwa kutumia nini yule mtu wa matambara tunayemchoma kila mwaka. Nilikuwa na mambo mazito. Nikamwambia asinisumbue, achukue takataka yoyote isiyo na kazi huko bustanini.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa ofisini, nafanya mazoezi ya kumjibu Bi Keech mbele ya nyanya. Nikasikia shangwe. Wazee wetu hawajawahi kushangilia hivyo, hata siku ya bingo. Nikachungulia.

Alikuwa juu ya kuni. Amekaa. Mguu juu ya mguu. Suti ya harusi.

Nilikimbia. Nilichelewa. Glavu zinawaka kwa moshi mweusi na harufu ya tairi, lazima nilikumbuke hilo. Trevor alisimama na kiberiti, amefurahi kama mtoto. "Bosi, mwaka huu umetutoa kimasomaso! Nilimkuta tayari bandani. Nikasema, kumbe na bosi ana roho nzuri."

Kumbe Mzee Wilf yuko kwenye uzio. Alikuwa amekuja kuona kama pazia limefunguliwa. "We Pobjoy! Hiyo si suti yangu?"

Bi Enid akasikia sauti. Pazia likafunguka, na dirisha pia, jambo ambalo haliruhusiwi. Akamtazama mumewe anayewaka. Akamtazama mumewe aliye kwenye uzio.

"Wilf! Wewe ni yupi?"

"Nisiyewaka!"

Bi Enid alicheka hadi Denise akamletea maji. Mzee Wilf hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ya chini keshokutwa atavaa nini. Papo hapo fataki ya Trevor ikapita katikati yetu, ikaingia kwenye banda la nyanya kwa juu na kutokea kwa pembeni. Sasa hewa inapita kabisa.

Ijumaa, 6 Novemba

Ukaguzi. Nilishika kishikwambi mwenyewe, nikasimama ukutani kwenye maua ya mbele, mbali na majivu. Bi Keech ana sura ya mtu ambaye hajawahi kuchekeshwa na meneja. Akasema mkurugenzi amemtumia picha nzuri ya mgeni wetu. Je, mgeni aliridhika? Nikasema sana. Akaomba kuongea naye. Nikasema kwa masikitiko kwamba anaumwa.

"Siumwi," ikasema sauti mgongoni kwangu. "Nimechomwa moto."

Saa nne ilikuwa imefika. Nilikuwa nimesimama kwenye maua yake.

Bi Keech alivua miwani. Akaomba kuliona banda. Nikakitikisa kishikwambi ili aone mtandao ni mbovu. Denise akakichukua mkononi mwangu na kumtembeza kila mahali: vioo, sinia, viti vifupi, AGIZA HAPA. Uamuzi: banda halifai kwa wageni, na yeye mwenyewe angekuwa nyanya angelalamika. Bila mahali pazuri, hakuna wageni hadi mwakani.

Mzee Wilf alisikia yote. Aligeuza kofia mkononi, akaigeuza tena. Bi Enid ndani alikuwa anauliza, wamesemaje? Wilf, wamesemaje?

Denise akakiweka kishikwambi juu ya ukuta, Bi Keech bado yumo, akavuka barabara. Akarudi na habari kwamba kibanda cha Larkfield kina magurudumu, Hilary hana mgeni kesho alasiri, na gari lake lina ndoano ya tela. Bi Keech akasema kikisafishwa vizuri, yeye hana tatizo.

Mimi nilikuwa nalo. Nikaeleza heshima ya Hollins Lodge kwa kirefu. Bi Keech alisubiri nimalize, kisha akamuuliza Denise hapa meneja ni nani hasa. Denise akanitazama. Mzee Wilf akanitazama. Hata Trevor.

Nikakubali, kwa moyo mkunjufu.

Jumamosi, 7 Novemba

Kibanda kimevuka barabara. Majirani walipiga makofi vizingitini mwao. Ubavuni kimeandikwa LARKFIELD, NZURI SANA kwa herufi ndefu kama mtoto wa darasa la tatu. Nilikuwa nimetayarisha blanketi la kufunikia. Upepo ulilibeba, likamfunika Trevor. Hilary akashuka garini, barakoa ya maua, akasema, "Pole na moto, Graham mpenzi." Mpenzi! Mbele ya wafanyakazi!

Suti ikawa shida tena. Denise akatamka hadharani kwamba hapa kuna mwanamume mmoja mwenye suti nzuri. Ni kweli. Niliishona kwa ajili ya sherehe ya Meneja Bora wa Mwaka, ambayo bado hawajanialika. Mzee Wilf akaivaa. Mikono ilimfunika vidole.

Wakaingia, kila mmoja kwa mlango wake. Bi Enid alimkagua kupitia kioo, juu hadi chini. "Umevaa kama meneja. Nani kafa?" Halafu akamuuliza kwa nini Jumatano hakupunga mkono. Sote tuliokuwa mlangoni tunajua Jumatano ilikuwa ni glavu na mto wa sofa. Yeye mwenyewe anajua, alimwona akiungua. Mzee Wilf akavuta mkono wa koti, vidole vikatokea.

"Nisamehe, mke wangu. Mkono ulikuwa mzito."

"Isiwe mazoea," akasema Bi Enid.

Denise akafunga milango. Walikula keki, kila mtu upande wake. Tangu Machi wamekuwa wakipayuka. Leo waliongea kwa kunong'ona, na mtaa mzima haukuambulia kitu. Nilizunguka kibanda mara kadhaa nikijifanya nakagua magurudumu. Sikusikia hata neno. Vioo vya Hilary ni vizuri. Sitamwambia mtu.

Saa ilipokwisha Mzee Wilf alisimama kando ya maua, akampungia mkewe mkono hadi mkono wa koti ukamwangukia kiwikoni. Nikamkumbusha suti. Akasema sheria ni sheria, lazima kwanza ikae karantini kabatini kwake.

Jumapili, 8 Novemba

Muhtasari wa Bi Keech umefika. INAHITAJI KUBORESHWA, na aya nzima kuhusu glavu. Mkurugenzi atanipigia kesho. Amesema niwe nimekaa.

Mwongozo mpya umeingia pia. Mkaguzi anarudi Desemba, kwa video, kutazama kama kila zamu ina wahudumu wa kutosha. Hatuna. Wawili wako karantini na mmoja amehamia kwa Hilary.

Nimekaa na nyanya nikatafakari kwa uaminifu kosa langu. Nimelipata. Mtu wa glavu hakuwa kosa. Alikuwa kazi safi, mkurugenzi mwenyewe aliingia kingi. Kosa lilikuwa suti ya kuazima na tarehe mbaya. Wahudumu huvaa sare, na sare tunazo. Mito tunayo. Glavu, usiseme. Na Desemba haina usiku wa moto.

Nimeanza na mmoja wa zamu ya jioni. Nimemkalisha kwenye korido, barakoa usoni, kalamu mfukoni. Nimemwita Beryl. Trevor ameonywa. Mchana huu Bi Enid alipita na kiti chake cha magurudumu, akampungia mkono.

Hakujibu. Ndiye mfanyakazi wa kwanza hapa anayefuata maagizo yangu.